Babu mkubwa alipotea na ndege ya jeshi Burma mwaka 1944. Tunaanzia wapi kuitafuta?

Binti wa Isevya

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la ukoo, refu kidogo, mnivumilie.

Kaka mkubwa wa babu yangu aliingia Keya (jeshi la King's African Rifles, KAR) wakati wa vita ya pili ya dunia. Wazee wanasema mwanangwa, yaani kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, aliagizwa apeleke vijana na yeye akawa mmojawapo. Shangazi zangu wanashikilia kwamba alijipeleka mwenyewe. Huo ni ugomvi wa siku nyingine. Alipelekwa Kenya, kisha Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha Burma (Myanmar ya leo), na hakurudi. Kilichorudi ni karatasi moja iliyotoka kwa DC, ikapita kwa mtemi, ikafika nyumbani. Ipo mpaka leo kwenye kopo la biskuti, mchwa wameshakula upande mmoja. Kinachosomeka ni Oktoba 1944, maneno ya Kiingereza kwamba hajulikani alipo, na tarakimu za mwisho za namba yake ya jeshi.

Mwenzake wa Urambo aliyerudi baada ya vita ndiye aliyekuja kuhani na kueleza. Babu aliumia paja, na juu yake homa. Wakampakia kwenye ndege ya majeruhi, ikapaa, ikaingia mawingu ya milimani. Kule hospitali ilikosubiriwa haikufika.

Huyo mwenzake naye alishatangulia. Aliyebaki ni bibi, kitinda mimba wao, wakati ule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Matanga yalifanyika zamani, jina limerithiwa na wajukuu, hayo hayamsumbui. Anauliza kitu kimoja tu: ni mlima gani? Kila nikienda kumsalimia lazima aniulize, kana kwamba simu yangu inajua.

Baba mdogo kwa upande wake anataka fidia ya Waingereza. Halafu kuna mtu kanifuata inboksi, anasema ana watu wake Myanmar, nimtumie laki tatu aanze kazi.

Kuna aliyewahi kumfuatilia ndugu wa Keya hapa? Tuanzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Kachero wa Ipuli

Laki tatu? Usitume hata ya vocha. Muulize huyo bwana jina la bonde jeshi la Afrika Mashariki lilikopigana Oktoba 1944. Akishindwa, mbloku.

Mwamba wa Reli

Dada, mbona mimi tangu utoto nimesikia kuna ndege ilianguka hapahapa Tabora, tena ya Wazungu wa jeshi? Isije ikawa ndiyo hiyo, mnahangaika Burma bure.

Sikonge Kwetu

@Mwamba wa Reli hiyo ni ya 1920, mkuu. Vickers Vimy iliyokuwa inatoka London kwenda Cape, marubani wake makapteni Cockerell na Broome, abiria mmoja mwanasayansi Dkt. Chalmers Mitchell. Ilianguka Tabora tarehe 27 Februari 1920 na hakufa mtu. Babu wa dada labda alikuwa hajazaliwa.

Mzee wa Cheyo

Mjukuu wangu, poleni. Baba yangu mzazi alikuwa Keya na alirudi, kwa hiyo haya nimeyasikia mezani.

Hao waliopita Ceylon ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walifika Burma katikati ya 1944, na mwezi wa nane wakaanza kuteremka Bonde la Kabaw kutoka Tamu, mvua ya masika ya kule ikiwa imeshika kasi. Mzee alikuwa anasema nyumbu wa kubeba mizigo walizama kwenye tope na chakula kilidondoshwa na ndege. Katikati ya Novemba wakafika Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba wakauteka mji wa Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Kwa hiyo Oktoba babu yako alikuwa ndani ya bonde hilo, na hospitali kubwa zilikuwa nyuma, upande wa India, ng'ambo ya milima. Hadithi ya yule wa Urambo imekaa sawa kabisa. Barabara haikupitika, majeruhi alitoka kwa ndege.

Ulizeni batalioni. Za Tanganyika zilikuwa zinaishia na 6: 26, 36, 46. Yupo mtu yeyote kwenye ukoo aliyewahi kuitaja?

Mwanga Sokoni

Natokea Kigoma. Msinichukie, ila mimi ningetilia shaka hiyo ndege kwanza. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilipigwa torpedo na Wajapani karibu na Maldives, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wanatoka Mombasa kwenda Ceylon. Familia nyingi zilipata neno hilohilo "hajulikani alipo". Miaka themanini ya kusimuliana, meli inaweza kugeuka ndege.

Binti wa Isevya

@Mwanga Sokoni sijachukia. Lakini karatasi inasema Oktoba, na mwenzake alikuwa naye bondeni mpaka siku anapakiwa.

@Mzee wa Cheyo shikamoo babu. Bibi anasema walikuwa wanaimba "sitini na ngapi" au "thelathini na sita", hana hakika. Nitachukua 36 kama ya kuanzia.

Nyuki Mkali

Kabla hamjafika mbali: ndege gani? Hapo ndipo pa kukazania. Kule walitumia aina mbili kutoa majeruhi. Kulikuwa na vindege vidogo kama L-5 vya Wamarekani, vinatua kwenye kipande cha shamba, rubani mmoja na majeruhi mmoja, basi. Na kulikuwa na Dakota, injini mbili, inapakia machela nyingi, zinafungwa juu na chini kama vitanda vya bweni. Kumbukumbu za moja ziko kwenye makabati tofauti kabisa na za nyingine. Muulize bibi yule bwana alisema wagonjwa walikuwa wangapi, na walilazwaje. Usimtajie jibu! Mwache aseme mwenyewe.

Bwana Mihogo

Yaani watu wanakosa dawa hospitali nyie mnatafuta ndege ya 1944. Waacheni marehemu wapumzike.

Kachero wa Ipuli

@Bwana Mihogo uzi wa mpira uko jukwaa la pili, mlango uleule ulioingilia.

Binti wa Isevya

Nimerudi. Nilimuuliza bibi kama @Nyuki Mkali alivyoagiza, sikumtajia kitu. Akacheka, akasema: "Yule alisema walilala ghorofa. Kaka yangu aliwekwa chini kwa sababu ya mguu, na juu yake kulikuwa na Mhindi." Mengine akaishia kunielezea mbuzi.

Kwa hiyo Dakota?

Nyuki Mkali

Dakota, na hapo bibi amewafanyia kazi kubwa kuliko atakayoifanya huyo wa laki tatu.

Sasa sikiliza. Kosa la watu wengi ni kumtafuta abiria. Abiria aliandikwa jina moja, limekosewa, kijiji hakijulikani. Watafute walioirusha. Dakota inakuwa na rubani, mwongoza njia, mtu wa redio, mara nyingi na msaidizi wa rubani. Hao majina yao yameandikwa kamili, na wana wajukuu huko Uingereza, Kanada au Marekani wanaotafuta mlima huohuo anaoutafuta bibi. Tofauti ni kwamba wao wako karibu na makabrasha. Ukiipata familia ya rubani, umepata nusu ya kazi.

Namna ya kuwapata hii hapa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina tovuti ya kutafutia majina, bure. Askari wa nchi kavu waliopotea Burma bila kaburi wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, uliopo ndani ya makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, majina karibu 27,000. Wanaanga wa Uingereza waliopotea upande ule hawako hapo, wako kwenye Mnara wa Singapore, makaburi ya Kranji. Ndege moja, ajali moja, siku moja, lakini majina yamegawanywa nchi mbili. Ndiyo maana familia hazikutani.

Mtafute babu Rangoon kwanza upate tarehe kamili. Ukishaipata, nenda Singapore na tarehe hiyohiyo, chuja wa vikosi vya Dakota: 31, 62, 117, 194. Wakitokea watatu au wanne wa kikosi kimoja siku moja, umeshaishika mkia.

Sikonge Kwetu

Naongezea kwa @Nyuki Mkali. Kwenye ile tovuti msiandike jina kamili kama la kitambulisho cha NIDA. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia, na wengi wa Keya wana jina moja tu. Wekeni kikosi "King's African Rifles", wekeni Oktoba 1944 mwanzo hadi mwisho, halafu pakueni orodha nzima na kulinganisha tarakimu za mwisho mlizonazo na za kila mmoja. Mchwa wamekula mwanzo wa namba, mwisho unatosha. Baadhi ya majina yana maelezo ya baba na wilaya, someni hayo pia.

Na msiishie Rangoon. Kama mabaki yalipatikana zamani, anaweza kuwa na kaburi. Kule Imphal, mji wa India kwenye jimbo la Manipur, kuna makaburi mawili ya vita, na lile la Jeshi la India lina askari wa Afrika Mashariki pia. Lingekuwa jambo la ajabu, ukoo unatafuta mlima miaka yote kumbe jiwe lipo.

Jina la baba yake na la nyumbani lithibitisheni kwenye daftari la ubatizo kama alibatizwa. Misheni za zamani za huku wanayatunza vizuri, nenda na mchele wa heshima.

Binti wa Isevya

Alikuwa Mwislamu @Sikonge Kwetu, lakini mchele nitapeleka kwa imamu.

Nyuki Mkali

Hatua ya tatu ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew. Madaftari ya vikosi vya ndege yako kwenye fungu AIR 27, yameshapigwa picha, unayapakua mtandaoni. Humo wanaandika siku kwa siku: ndege namba fulani, imetoka uwanja fulani saa fulani, haikurudi. Shajara za batalioni za Keya zilizopigana Burma ziko fungu WO 172, na huko wakati mwingine majeruhi wanatajwa walipopelekwa. Ukipata uwanja iliyopaa na hospitali iliyokuwa inaelekea, chora mstari kwenye ramani. Milima iliyo chini ya mstari huo ndiyo jibu la kwanza la kumpa bibi, hata kabla ya kupata bati la ndege.

Kama orodha ya Singapore haitoi kitu, maana yake rubani huenda alikuwa Mmarekani. Wao kila ndege iliyopotea ilifunguliwa ripoti ya wanaanga waliopotea, na bado wana taasisi ya serikali, DPAA, inayotafuta mabaki ya askari wao mpaka leo, India Kaskazini Mashariki ikiwemo. Uingereza haitafuti hivyo. Inashughulika mabaki yakishaonekana.

Mzee wa Cheyo

Na huyo baba yako mdogo, mwambie taratibu, asije akawapeleka kwa wakili akala ng'ombe. Kweli Keya walilipwa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile, na hasira ya hilo ni halali. Lakini misaada inayotoka sasa kupitia umoja wa maaskari wastaafu wa Jumuiya ya Madola ni ya mkongwe aliye hai au mjane wake. Babu yenu alioa?

Binti wa Isevya

Hapana babu. Alikuwa ameshatolewa mahari nusu, msichana akaolewa Nzega baadaye.

Mzee wa Cheyo

Basi hapo hakuna fidia. Baba mdogo anunue bando.

Mwanga Sokoni

Nimesoma yote, naondoa shaka yangu ya meli. Ila msijidanganye kwamba mtaenda kuuona huo mlima. Upande wa Myanmar kuna vita tangu mapinduzi ya Februari 2021, na maeneo ya Sagaing na Chin, yanayopakana na India, ndiko kunakowaka. Upande wa Manipur nako kuna machafuko tangu Mei 2023. Andikeni barua pepe, hasa kwa makumbusho ya Imphal yaliyofunguliwa 2019. Wenyeji wa kule wanaokota risasi na helmeti mpaka leo, na wawindaji wanajua vyuma vilivyo msituni kuliko serikali yoyote. Mtu wa aina hiyo ukimpa namba ya ndege anaweza kukwambia kitu. Ukimpa jina la babu tu, atakwambia pole.

Binti wa Isevya

Wakuu, mrejesho wa awali.

Nimepakua orodha ya Keya ya Oktoba 1944. Wapo wawili wanaofanana na tarakimu zetu. Mmoja maelezo yake yanataja Nyasaland (Malawi ya leo), huyo nimemweka pembeni. Wa pili ana jina moja tu, na ni lile la nyumbani, si la Kiislamu tulilokuwa tunalitafuta. Limeandikwa kwa L mahali petu tunapoweka R. Yuko Mnara wa Rangoon, kwa hiyo kaburi hana. Tarehe ipo. Batalioni ni 36, bibi alikuwa sawa.

Nimeanza Singapore kwa tarehe hiyo. Wanaanga ni wengi, sijamaliza kuchuja kikosi kwa kikosi, na intaneti ya huku mnaijua. Nimemsomea bibi namba nzima na akataka nimwandikie kwenye karatasi kubwa. Sasa anauliza majina ya marubani.

@Nyuki Mkali nikipata kikosi nitakutag, unisaidie kusoma hayo madaftari maana mwandiko nasikia ni wa daktari. Baba mdogo kanuna, ila bando kanunua.