Mafuriko ya kila Aprili si dharura, ni uzembe wa bajeti ya kaunti

Wadau, kila masika ni wimbo ule ule. Mto unavunja kingo, watu wanahamia madarasani, halafu kiongozi wa kaunti anasimama mbele ya kamera na kudai mvua imewashtukiza. Imewashtukiza vipi? Utabiri wa Machi hadi Mei hutolewa kabla msimu haujaanza. Mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, umeifurikia Budalang'i miaka nenda miaka rudi. Wasituambie pia kwamba ni kazi ya Nairobi, yaani serikali kuu: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti huduma za zima moto na usimamizi wa majanga.

Ubovu unaanzia kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo masika yanaangukia robo ya mwisho, wakati pesa za mafuta na matengenezo zimeshakwisha na mgao kutoka Hazina Kuu umechelewa. Ndipo wanakimbilia hazina ya dharura. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 iliweka hazina hiyo kwa hitaji la haraka lisilotarajiwa, tena malipo ya mwaka mzima yasipite asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kwa hesabu zilizokaguliwa. Waziri wa fedha wa kaunti akishalipa, ana miezi miwili ya kwenda kuomba idhini ya bunge la kaunti. Sasa mafuriko ya kila Aprili hayakutarajiwa na nani? Yawekewe fungu lake kwenye bajeti ya kawaida. Ukiyamalizia hazina ya dharura, jengo likiporomoka Mei huna kitu.

Kaunti iliyojipanga husaini mikataba ya msimu mapema, kufikia mwisho wa Disemba: tingatinga, malori, mashua, boza la maji, mafuta. Bei imeshakubaliwa, unalipia ulichotumia tu. Bila hiyo, usiku wa mafuriko afisa anazunguka na simu akitafuta mwenye tingatinga, na mwenyewe hawashi injini bila LPO, yaani hati rasmi ya kaunti ya kuagiza huduma. Ana haki, maana wengi wao bado wanadai za miaka iliyopita.

Halafu hiyo mipango yenyewe ya kukabili mafuriko! Fungua mingi utakuta ramani za rangi na orodha ndefu ya wadau. Hukuti kizingiti. Mpango unaofanya kazi unasema: maji yakigusa alama hii kwenye kipimo cha mto, fulani anampigia fulani, na asipopokea, anapigiwa huyu wa pili. Chifu yuko chini ya serikali kuu, msimamizi wa wadi yuko chini ya kaunti. Wasipokuwa kwenye orodha moja, kila mmoja anadhani mwenzake ameshawaambia watu. Na msitegemee ujumbe wa simu peke yake. Maji yaliyoipiga Mai Mahiu Aprili 29, 2024 yalikuja watu wakiwa wamelala. Usiku unahitaji king'ora, kipaza sauti na pikipiki yenye mafuta tangini.

Kambi ndiyo inayoniudhi zaidi. "Waende shuleni" si mpango. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita za mraba 56. Kwa viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, kila mtu anahitaji mita za mraba 3.5, yaani darasa hilo linalaza watu 16. Watu 400 wanataka madarasa 25. Shule yenye madarasa 8 inatosha watu 128, na baada ya hapo ni kulala wamebanana na watoto kukoholeana usoni. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, jumla lita 6,000 kwa watu hao 400, kila siku. Vyoo, siku za mwanzo kimoja kwa watu 50 kinavumilika, baadaye kimoja kwa 20. Ni nani ameenda kuhesabu vyoo vya shule hizo mwezi Februari? Kipindupindu kikiingia kambini, chanzo chake ni hesabu hii iliyorukwa.

Zima moto nako ni vilevile. Gari la lita 5,000 likifungulia mipira miwili ya maji, kila mmoja lita 500 kwa dakika, dakika 5 limekauka. Bila bomba la barabarani lenye presha au boza linalolifuata nyuma, hilo gari ni la kuonyeshwa tu.

Mwenye nakala ya mkataba wa msimu wa kaunti yake, au ripoti ya hazina ya dharura iliyopelekwa bungeni, aiweke hapa tuisome ukurasa kwa ukurasa.