Wastani wa umri wa waliolazwa unatoka zaidi ya miaka 1,300, nakosea wapi?

Mtunza_Faili
Wakuu, naandaa muhtasari wa wagonjwa 412 waliolazwa robo hii: umri, jinsi, makazi na njia ya malipo. Nimeingiza kutoka rejista kwenda Excel. AVERAGE ya umri inaleta zaidi ya 1,300. Nikifuta mistari ya ajabu inashuka hadi 24. Niripoti hiyo?

Kikokotoo
Usifute, hao ni watoto. Rejistani mtoto wa miezi minane huandikwa 8/12, wa wiki tatu 3/52. Excel inadhani ni tarehe, na tarehe kwake ni namba: 8/12 ya mwaka huu inapita 45,000. Mistari 12 ya hivyo inatosha kukuharibia wastani wote. Rudi rejistani, ingiza namba safu B na kipimo safu C, kisha D:

=IF(C2="mwezi",B2/12,IF(C2="wiki",B2/52,IF(C2="siku",B2/365,B2)))

Kibaya zaidi ni "8" tupu ya wodi ya watoto, maana haionekani. Miezi au miaka? Chuja kwa wodi, uhakiki mmoja mmoja.

Bi_Takwimu
Hata ukisafisha, wastani utakudanganya. Chukua umri 0.5, 1, 2, 3, 24, 31, 67: wastani ni 18.4, na hakuna mgonjwa hata mmoja wa karibu na huo. Toa mediani (umri wa katikati ukiwapanga kutoka mdogo hadi mkubwa) pamoja na robo ya kwanza na ya tatu, yaani umri ambao robo moja na robo tatu ya wagonjwa wako chini yake (MEDIAN, QUARTILE.INC): hapa ni 3 (1.5–27.5). Kisha weka makundi ya umri ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ila lile la miaka 5 hadi chini ya 60 ni pana mno; ligawe 5–14, 15–24, 25–59.

Na hao 412 ni watu au ni kulazwa? Aliyelazwa mara mbili ana namba ileile ya faili. Jinsi na makazi vihesabu kwa mtu.

Mtunza_Faili
Asante sana. Makazi hayakuandikwa kwa 41. Asilimia nigawe kwa 412 au 371? Na wodi ya wazazi niichanganye?

Bi_Takwimu
Gawa kwa 371, uandike chini ya jedwali kwamba 41 hawana taarifa. Njia ya malipo nayo hivyohivyo: kisanduku kitupu si "msamaha" (kutolipishwa). Wazazi waweke jedwali lao, la sivyo wanawake wataonekana wanaugua kuliko wanaume kumbe wamekuja kujifungua.