Wajukuu wa Bibi: zamu za hospitali

Mama Mdogo, saa 1:40 usiku: Ndugu zangu, ndio natoka wodini. Mguu hauna neno, uzito wa kuuvuta umefungwa vizuri. Kinachomtesa Bibi ni kiungulia. Kifua kinamwaka, maji makali yanampanda mpaka kooni, anatema tu kwenye kopo.

Shangazi: Masikini Bibi. Mpeni maziwa ya baridi.

Dada Nesi: Shikamoo Shangazi. Maziwa yatampoza kidogo tu, baadaye tumbo linamwaga asidi zaidi. Mama Mdogo, alikula saa ngapi, na umemlazaje?

Shangazi: Marahaba mwanangu.

Mama Mdogo: Wali wa nazi na samaki, saa 12 hivi. Kengele ya kutoa wageni ikalia, nikamlaza chali, nikamfunika kanga.

Dada Nesi: Basi ni hapo. Juu ya tumbo kuna msuli unaozuia chakula kisirudi. Bibi wiki nzima yuko chali, choo kigumu, tumbo limejaa gesi, halafu analazwa ameshiba. Hata mzima angeungua. Kitanda kile kina mkono wa chuma miguuni, ukizungushwa mgongo unainuka. Mwombeni nesi ainue, msizungushe wenyewe kwa sababu ya ule uzito. Kumwongezea mto kunamkunja shingo tu. Na dawa, anameza zipi?

Mama Mdogo: Za hospitali, na zile za maumivu za Kaka.

Dada Nesi: Zipi hizo?

Kaka: Diklofenaki, nilinunua duka la dawa hapa mtaani. Bibi alikuwa analia usiku, nikashindwa kuvumilia. Anameza 2 kwa siku tangu Jumapili.

Dada Nesi: Kaka, hakuna anayekulaumu. Ila dawa hiyo inaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, na huenda wodini wanamchoma hiyo hiyo kwa sindano. Kwa umri wake anaweza kuvuja damu tumboni bila hata kuumwa. Asimeze tena. Daktari lazima aione pakiti, ndiye atakayejua kama anahitaji omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Choo chake kina rangi gani?

Mama Mdogo: Cha kawaida. Mara ya mwisho juzi.

Dada Nesi: Kikiwa cheusi kama lami, au akitapika kitu kama unga wa kahawa, aitwe daktari saa ile ile. Na kifua kikimbana mpaka mkononi au tayani huku jasho linamtoka, msiseme kiungulia. Huo unaweza kuwa moyo.

Kaka: Narudi hospitali sasa hivi.

Kaka, saa 3:20 usiku: Mlinzi kaniruhusu dakika 5. Nesi wa zamu kaandika dawa kwenye faili, pakiti kabaki nayo, daktari ataiona kwenye raundi. Kitanda kimeinuliwa. Bibi kanishika mkono, anasema moto umepungua.

Shangazi: Alhamdulillahi. Kesho jioni zamu yangu. Saa 10 geti likifunguliwa niko hapo na mtori, ale mapema, nikae naye mpaka kengele.