Natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe, naanzia wapi?

Mtafuta_Nafuu

Wakuu, salaam. Nimekubali kwamba peke yangu siwezi. Nakunywa kila siku, na siku hizi naanza asubuhi, bila hivyo mikono inatetemeka hadi nashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikijizuia kidogo narudi kwa kasi kuliko mwanzo. Mke wangu ndiye aliyesema nitafute watu wanaokutana kusaidiana.

Vikundi hivi vinapatikanaje? Lazima niwe nimeshaacha kabla ya kwenda? Nitasimamishwa nijieleze? Nasikia pia vina mambo ya dini, na mimi ni Mwislamu. Kubwa zaidi, naogopa kukutana na mtu anayenifahamu.

Hatua_kwa_Hatua

Karibu sana ndugu yangu. Mimi nahudhuria AA, yaani Alcoholics Anonymous, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Anzia tovuti ya AA ya nchi yako, au aa.org itakayokuelekeza. Kama hakuna kikundi karibu, aa-intergroup.org ina orodha ya mikutano ya mtandaoni, saa yoyote ya mchana au usiku, na unaweza kuzima kamera. Uliza pia kitengo cha afya ya akili katika hospitali kubwa. Wauguzi na maofisa ustawi wa jamii mara nyingi wanajua kikundi kinakutana wapi. Ukipata namba, piga kwanza, maana ratiba hubadilika. Uliza mkutano ni wa wazi au uliofungwa. Wa wazi unaruhusu hata mke au rafiki, uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe tu.

Si lazima uwe umeacha. Sharti la uanachama ni moja: nia ya kuacha. Hakuna ada. Kikapu cha mchango kikipita, mpitishie jirani yako, hakuna atakayekutazama vibaya.

Kuhusu kuongea: mara nyingi watu wanakaa kwa duara, mmoja anasoma utangulizi, kisha anayetaka anajitaja kwa jina la kwanza na kusimulia. Hakuna anayemkatiza wala kumhukumu. Zamu ikikufikia sema, "Leo nasikiliza tu." Inaishia hapo, anaendelea anayefuata.

Na huyo unayeogopa kukutana naye, ukimkuta kwenye mkutano uliofungwa ujue kilichomleta ndicho kilichokuleta wewe. Yanayosemwa mle hayatoki nje, na kila mtu analichukulia hilo kwa uzito.

Muuguzi_wa_Zamu

Samahani nawakatiza, lakini hiyo mikono imenishtua. Kutetemeka asubuhi kunakotulia ukinywa ni dalili kwamba mwili umeshategemea pombe. Kaka, tafadhali usikate ghafla ukiwa nyumbani. Kifafa kinaweza kukupata ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuchanganyikiwa, homa na kuona vitu visivyokuwepo kwa kawaida huja siku ya pili au ya tatu, na hali hiyo inaua.

Mwone daktari kwanza, umwambie kiasi unachokunywa kweli bila kupunguza. Kuna dawa za kukuvusha salama kwenye arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe, na utapewa vitamini B1. Baadaye zipo dawa za kupunguza hamu au kusaidia usirudi kunywa, kama naltrexone na acamprosate. Mkutanoni unaweza kwenda hata kesho. Kuacha ndiko kunakohitaji mpango wa daktari.

Abu_Subira

Mkuu, mimi pia ni Mwislamu. Hatua 12 za AA, yaani mwongozo wao wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, lakini kila mtu anamwelewa kwa imani yake. Vikundi vingine hukutana kwenye ukumbi wa kanisa kwa sababu wamepewa nafasi pale, si ibada. Vingine humalizia mkutano kwa sala. Nyamaza au omba dua yako. Kama bado moyo unasita, tafuta Millati Islami, hatua 12 kwa misingi ya Uislamu, iliyoanzia Baltimore, Marekani.

Hatua_kwa_Hatua

Na asiyetaka habari za dini kabisa ana SMART Recovery, ipo tangu 1994. Wanafanyia kazi mawazo na tabia zinazokupeleka kwenye chupa, na mikutano ya mtandaoni ipo.

Mama_Wawili

Shemeji, mwambie mkeo kuna Al-Anon, ni ya ndugu na wenza wa wanywaji, tangu 1951. Mimi nilikuwa nanusa vikombe na kuhesabu chupa kwenye takataka. Kule nilikutana na wanawake waliokuwa wakifanya yaleyale, nikaanza kulala usiku. Asingoje wewe upone ndipo aende.

Mtafuta_Nafuu

Nimesoma yote, asanteni mno. Daktari nitamwona kesho asubuhi, mke wangu atanisindikiza. Nimepata pia mkutano wa wazi wiki hii. Je, nikienda nikaona watu hatuendani?

Hatua_kwa_Hatua

Jaribu kikundi kingine, na kingine tena, kabla ya kusema havikufai. Vinatofautiana sana: kimoja kina wazee watulivu, kingine vijana wanaoongea bila kupumzika. Fika mapema, mwambie anayepanga viti kwamba wewe ni mgeni. Usiondoke bila namba ya simu ya mtu mmoja aliyekutangulia, na hamu ikikushika mpigie kabla ya kunywa, hata kama ni usiku wa manane.