Dhambi ya Nyange: ni ya padri mmoja au ni ya Kanisa?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba.

Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi takriban 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakajifungia ndani. Likaletwa tingatinga. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyohukumu kesi za mauaji hayo, iliridhika kwamba padri aliyekuwa akiisimamia parokia, Athanase Seromba, aliafiki kanisa libomolewe, na kwamba alimwambia dereva upande upi ulikuwa dhaifu. Kuta na paa vikawaangukia waumini wake. Machi 2008, kwenye rufaa, akapewa kifungo cha maisha.

Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini wake walioiasi Injili. Hoja hiyohiyo ilirudi 1998, Vatikani ilipozungumzia mauaji ya Wayahudi: waliokosea ni wana na mabinti wa Kanisa. Mimi ni Mkatoliki tangu utotoni na hoja hii hainiingii. Wale watu hawakumkimbilia Seromba. Walilikimbilia kanisa, kwa sababu katika machafuko ya 1959 na 1963 wengi waliofika kanisani walipona, na habari hiyo ilijulikana. Kilichosalitiwa pale ni imani yao kwa Kanisa. Iweje leo Kanisa liseme halihusiki?

*

Mleta mada, umemsahau Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi. Mhutu, mlei aliyejiweka wakfu. Aliwahifadhi Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma, Zaire (leo Kongo). Kaka yake, ofisa wa jeshi, akamtaka aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Na Ufaransa, Agosti 1942, Wayahudi walipokuwa wakikamatwa, Askofu Mkuu Saliège wa Toulouse aliagiza waraka usomwe makanisani: Wayahudi ni ndugu zetu. Ukisema Kanisa liliua, unamweka Felicitas kizimba kimoja na waliomuua.

*

Ndugu yangu, simweki huko. Ila Felicitas tunamtaja kwa fahari kama mtoto wa Kanisa, Seromba tunamwita mtu binafsi. Haiwezekani. Tena baada ya mauaji alikwenda Italia, akahudumu kama padri karibu na Florence kwa jina jingine. Altare ile aliipewa na nani?

Maaskofu wa Ufaransa waliweza. Mwaka 1997 walikwenda Drancy, walikokusanywa Wayahudi kabla ya kupelekwa Auschwitz, wakasema ukimya wa Kanisa ulikuwa kosa, wakaomba msamaha. Rwanda ilisubiri hadi Machi 2017 ndipo Papa Francis akaomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake. Miaka 23!

*

Mimi naona mmezama kwenye maneno. Anne Heyman, Myahudi wa New York, hakuwa na deni lolote Rwanda. Mwaka 2008 akafungua kijiji cha Agahozo-Shalom, Rwamagana, kwa mfano wa Yemin Orde, kijiji cha Israeli kilicholea yatima wa mauaji ya Hitler. Kila nyumba ina mama wa kulea. Toba ninayoitaka mimi ni ya namna hiyo: mtoto apate kitanda, shule, na mtu wa kumwita mama.

*

Nakuunga mkono, vijiji vijengwe hata kumi. Lakini siku yatima wa Nyange atakapokuuliza nani alimwonyesha dereva upande dhaifu wa kanisa, na alikuwa pale kwa niaba ya nani, utamjibuje?