AMEWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA CHETI CHANGU CHA KOMPYUTA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka stendi sasa hivi, kwa yule bosi wa steshenari. Mnamjua, msinitake nimtaje. Yule ambaye akikurudishia chenji ya mia mbili utadhani anaaga maiti.

Jana kabandika tangazo mlangoni: anatafutwa kijana, kidato cha nne, mwenye cheti cha kompyuta. Si ndiye mimi huyo? Tangu tulivyomaliza mtihani Novemba sikukaa kijiweni. Miezi mitatu nimesoma Word, Excel, PowerPoint, Publisher, intaneti na barua pepe. Ada mama alikopa kikoba, na marejesho analipa mpaka leo.

Nafika, namwamkia, nampa bahasha. Anatoa cheti, anakiangalia kidogo, anachukua kikombe chake cha chai ya rangi anakiweka JUU YA CHETI. Meza yenyewe unaweza ukalaza ng'ombe na ndama wake, lakini yeye kaona pa kuweka kikombe ni kwenye jina langu!

Halafu ananiambia, "Haya mambo hata mwanangu wa darasa la tano anayajua." Hakuniuliza swali hata moja. Hakunikalisha kwenye mashine nichape japo barua. Na hapo hapo dada wa dukani anamwandalia mteja orodha ya michango ya harusi: anajumlisha kwa simu, jibu analiandika kwenye Excel kwa mkono! Nikasema hapo ni SUM tu, ile fomula ya kujumlisha, naimaliza sasa hivi. Bosi akanyanyua kikombe, akapiga funda, akakirudisha. Pale pale. Juu ya cheti!

Sikuwa nimekitia laminesheni kwa sababu bado nataka kukitoa kopi za kugongewa muhuri kwa mwanasheria. Sasa kina duara la kahawia, limepita katikati ya sahihi ya mkuu wa chuo. Kama cheti hakina maana, alikitangazia nini?

Mzee wa Tona: Pole mleta mada. Ila na mimi nina steshenari, niseme ukweli. Wengi wanakuja na vyeti, karatasi ikikwama kwenye printa wanaita fundi. Mteja ana basi, anataka fomu zake za mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kijana anatafuta herufi kwa kidole kimoja kama anachagua mchele. Mimi cheti siombi. Nakukalisha, nakusomea aya, unachapa.

Mleta mada: Sasa si angenikalisha! Yeye kakalisha kikombe!

Dada Uhazili: Mdogo wangu, hata serikalini hicho peke yake hakikufikishi. Soma tangazo la Mwandishi Mwendesha Ofisi kule Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali: stashahada ya uhazili, hatimkato (kuandika haraka kwa alama) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na hizo Word na Excel zako juu yake. Mimi ninavyo vyote, mwaka wa pili huu niko nyumbani.

Kiroboto: Uzi bila picha? Weka duara tulione.

Jirani Mwema: Chai ilikuwa na tangawizi?

Mlipa Ada: Mnamwandama bosi bure, vyuo ndiyo wezi. Mdogo wangu kasomea chumba cha juu ya duka la mitumba, kompyuta sita, wanafunzi ishirini na kitu. Umeme ukikatika, mwalimu anachora kibodi ubaoni. Nikauliza usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, naambiwa mchakato unaendelea. Ada yao haina mchakato!

Kiroboto: Tukija kwenye steshenari za stendi, mimi walinitolea kopi ya kitambulisho cha NIDA nyeusi tii. Pale kwenye uso unaona meno tu.

Mlipa Ada: Na wakiona umeshika bahasha ya kaki, kopi ya mia inakuwa mia mbili.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye cheti. Kile kikombe kilikuwa kinavuja!

Mzee wa Tona: Kopi nyeusi hivyo ni tona (wino wa unga) ya kujaziwa, au dramu, ile silinda inayopeleka wino kwenye karatasi, imechoka. Msimlaumu mwenye duka, tona halisi bei yake inauma.

Jirani Mwema: Mzee, printa yangu inaacha mstari katikati ya karatasi. Hiyo nayo ni dramu?