Re: [Wakalimani] IT wamekataa adapta ya monita ya pili

Mama Zawadi, Columbus

Habari za kazi ndugu zangu. Wakala ninayefanya naye VRI (ukalimani wa mbali kwa video) katoa laptopu za Windows 11: HDMI moja, USB-A mbili, USB-C moja. HDMI imeshachukuliwa na monita. Nahitaji nyingine, daktari na mgonjwa wakae kwenye monita yao, faharasa ikae kwenye yake, madokezo yabaki kwenye laptopu. Nimechomeka adapta ya USB 3.0 kwenda HDMI. Taa inawaka, monita iko giza, na draiva (programu ya kuendesha kifaa) inadai nywila ya admin. Leo tiketi, yaani ombi langu kwa IT, imefungwa kwa mstari mmoja tu: kifaa hakiruhusiwi. Rufaa inaandikwaje? Na kuna adapta isiyodai draiva?

Baraka, Minneapolis

Pole dada. Rudisha hiyo, chukua ya USB-C kwenda HDMI. Haidai draiva. Ukishachomeka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua. Imeisha hiyo.

Omari, Leicester

Baraka, usimtume mtu dukani kwa nusu maelezo. USB-C ni umbo la tundu, haikuambii ndani linapita nini. Lazima tundu liwe na DisplayPort Alt Mode, yaani uwezo wa kutoa picha. Dada, tazama pembeni mwa tundu: alama ya radi (Thunderbolt) au herufi D yenye P ndani, picha inatoka. Ukiona alama ya USB tupu au hakuna alama yoyote, tafuta jina kamili la modeli kwenye ukurasa wa mtengenezaji kabla ya kulipa. Tundu lisilo na Alt Mode halitatoa picha kwa adapta hiyo, hata iwe ghali namna gani.

Na kama monita yenyewe ina USB-C, usitumie waya wa chaja ya simu. Nyingi ni USB 2.0 ndani, zinapitisha umeme na data kidogo tu.

Wanjiku, Dallas

Omari yuko sawa, lakini hakuna aliyegusa kwa nini IT wamekataa. Adapta ya USB-A haipitishi picha kutoka kadi ya picha moja kwa moja. Programu kwenye laptopu inaikamata picha, inaibana, inaituma kama data, kisha chipu ya adapta inaifungua. Bila draiva hakuna kitu, taa itawaka tu.

Halafu angalia boksi. Ikiwa imeandikwa DisplayLink (aina moja ya chipu hizo), Windows Update huweza kuleta draiva yenyewe kama IT hawajaifunga, na ipo pia MSI (faili ya usakinishaji) ambayo wao wanaweza kuisukuma kwa mashine zote bila kukupa nywila. Ikiwa ni InstantView (aina nyingine), adapta inajionyesha kwanza kama flashi yenye kisakinishi ndani. Kampuni inayoshughulikia rekodi za hospitali mara nyingi huwa imefunga flashi kwa sababu ya HIPAA (sheria ya Marekani ya kulinda siri za wagonjwa), kwa hiyo inagonga ukuta hapo hapo. Hizo ni kesi mbili tofauti, na tiketi moja haizitoshi.

Baraka, Minneapolis

Sawa, nimekubali la alama. Ila tuseme na kasi. Picha ya 1920 kwa 1080 kwa Hz 60 (mara 60 kwa sekunde) ni karibu Gbit 3 kwa sekunde kabla ya kubanwa. USB 2.0 ni Mbit 480, USB 3.0 ni Gbit 5. Ukipitisha adapta kwenye habu ya zamani ya USB 2.0 kipanya kitaburuzika. Chomeka kwenye laptopu moja kwa moja.

Omari, Leicester

Na dirisha la simu ya video libaki kwenye HDMI. Kubana picha kunakula CPU, na Zoom nayo inaila. Ukiweka uso wa daktari kwenye monita ya USB, midomo inaweza kuachana na sauti, na mkalimani anaihitaji ile midomo. Faharasa haisogei, ipeleke kwenye USB.

Kabongo, Montréal

Ndugu, na MacBook Air ya M1?

Wanjiku, Dallas

Kabongo, M1 na M2 za Air zinakubali monita moja ya nje tu. Habu ya MST (inayogawa tundu moja kwa monita kadhaa) haikusaidii, macOS itarudia picha ile ile kwenye zote mbili. Hapo DisplayLink ndiyo njia: sakinisha programu yake, DisplayLink Manager, kisha iruhusu kurekodi skrini kwenye mipangilio ya faragha. Usipoiruhusu, monita haitaonyesha kitu. Air ya M3 inaendesha mbili ukifunga kifuniko. Ya M4 mbili kikiwa wazi.

Mzee Salum, Toronto

Wanangu, monita hizi zinafaa kutazamia mpira? AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, na sisi tutaitazama tukiwa huku ughaibuni. Tanzania wangetupa uraia pacha mapema, tungekwenda uwanjani kama wenyeji, si kwa viza.

Baraka, Minneapolis

Mzee, uraia pacha una uzi wake, tafadhali tusiuchanganye na huu.

Omari, Leicester

Shikamoo Mzee. Kwenye Mac, DisplayLink haipitishi HDCP (ulinzi wa video dhidi ya kunakiliwa), kwa hiyo huduma nyingi za kulipia zitakuonyesha dirisha jeusi lenye sauti. Mpira utazame kwenye HDMI, bila DisplayLink. Ukinunua adapta ya USB-C, soma iandikwe 4K kwa Hz 60. Zile za Hz 30 mpira unaruka-ruka.